Nyumba za Vema na Nyumba za Kosa

Siku tuliyomsindikiza Mama Koku, kabla magari hayajaondoka na jeneza kuelekea Kagera, mwenyekiti wetu wa zamani wa mtaa, Mzee Lutonja, alipewa kipaza sauti atoe salamu za rambirambi. Jambo la kwanza alilosema, hata pole kwa wafiwa hajaitoa, ni kwamba marehemu alikuwa "mwenzetu wa kweli, hakuyumba hata uchaguzi mmoja." Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na akina mama wa kumenya ndizi, na niliposikia vile kisu kikasimama mkononi. Nina miaka thelathini na mitatu. Mtaani wananijua kwa kucheka, hata misibani hunipangia zamu ya kukaa na wafiwa niwachangamshe. Lakini siku ile nilitaka niende mbele nikamnyang'anye mzee yule kipaza sauti mbele za watu. Koku, mtoto wa marehemu, aliyekuwa amekaa mkekani miguu ameinyoosha, alinitazama akasema taratibu, "Menya, Milembe. Watu watakula." Nikamenya. Hasira lakini ninayo mpaka leo ninapoandika, na kwa kuwa shule yangu iliishia kidato cha nne, tena kwa matokeo ya kuombewa dua, sitajaribu kuipamba. Nitasema ilivyokuwa, mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na tisa.

Mtaa wetu ni wa mlimani, katika ile milima ya mawe ambayo mgeni akiitazama kutoka ziwani hujiuliza nyumba zinashikiliwa na nini. Zinashikiliwa na ubishi wa wenye nyumba. Chini, karibu na lami, kulikuwa na bomba. Kwetu juu maji yalipanda kwa vichwa vya wanawake. Ndiyo maana watu walikuwa na msemo wao, kwamba chini wanapiga kura ya shukrani, juu wanapiga kura ya kiu. Na kila mtu alikuwa mtaalamu. Kinyozi alikwambia Wahaya wote wa mlimani ni wa upinzani kwa sababu wamesoma na hawaambiliki. Muuza samaki alikwambia Wasukuma wote ni wa chama kilichopo, kwa sababu mfugaji hahamishi ng'ombe kwenye majani anayoyajua. Niliyameza yote hayo nikicheka. Leo najua kwamba mtu haingii kwenye kituturi na kabila lake, wala na ukoo, wala na jirani. Kile kijumba cha boksi kina nafasi ya mtu mmoja na kalamu yake, na aliyekibuni alikipima hivyo kwa makusudi.

Miezi mitatu kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa, Mzee Lutonja, mwenyekiti tuliyekuwa naye na aliyekuwa anagombea tena, aliniita nyumbani kwake. Sebule yake naikumbuka kuliko sebule zote nilizoingia ujana wangu: makochi yamevishwa vitambaa vya kufuma, runinga imefunikwa kitambaa kama mgonjwa wa baridi, na ukutani picha yake mwenyewe akipokea cheti. Nilipewa chai ya maziwa, maandazi na mayai mawili ya kuchemsha, nami sikuwa mtu wa kupewa mayai mawili. "Ng'wanawane," akasema, mwanangu, kwa Kisukuma, ili niyeyuke, "una mwandiko kama wa mashine. Nataka uzungukie nyumba zote za juu. Unaandika jina la kaya na idadi ya watu wazima. Wakikuuliza, sema ni hesabu ya watu wa kutumia bomba, maana bomba linakuja." Nikasema sawa baba. Akanisogezea daftari kubwa la mistari, ameshalipiga mistari ya wima kwa rula, zikatokea nguzo. Nguzo ya mwisho haikuwa na kichwa. "Hapo," akasema, "weka vema kwa wetu. Kosa kwa wale wengine. Usiyemjua weka kiulizo."

"Niwaulize, baba?"

"Usiulize. Kura ni siri, usije ukatuletea kesi. Wewe kaa, kula, sikiliza. Watu wanakupenda."

Halafu akasema kwamba akirudi ofisini atahitaji karani. Hapo ndipo mimi nilipokufa. Nilishaota meza. Nilishaota muhuri wa mtaa mkononi mwangu, na watu wamepanga foleni wakiniita dada Milembe wa ofisini, na mimi nawahudumia wote kwa tabasamu, simrudishi mtu. Sitanii, nilipanda mlima ule nikiimba. Wala sikuona ubaya. Vema na kosa ndizo alama nilizozijua tangu darasa la kwanza. Nilidhani ni kusahihisha tu.

Nilikula mwaka ule. Nyumba za mlimani hazimwachi mtu asimame mlangoni, na mimi nilifika saa za chakula makusudi, kama nilivyoelekezwa. Nimekula ugali wa muhogo na visamaki vya furu vilivyokaushwa kwenye chumba ambacho kitanda kilikuwa meza, kabati na kiti. Nimekula mlenda kwa Wasukuma wenzangu, watu tisa sahani mbili, na baba mwenye nyumba akisema kila akimeza tonge, "Lutonja ni baba yetu. Lutonja hana mfano." Nikitoka nakwenda nyuma ya jiwe, natia vema. Kwa Baba Rehema, fundi redio, nililishwa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga. Mkewe alikuwa sokoni, yeye anapuliza vumbi kwenye redio ya mtu, na katikati ya maongezi ya kawaida kabisa, habari za bei ya mkaa, akashusha sauti. "Mwanangu, mimi mwaka huu nabadilisha. Miaka yote hii nawapa hawa, na mke wangu bado anapanda na ndoo. Usimwambie mtu." Tukacheka wote wawili. Nikamshukuru kwa chakula, nikaenda nyuma ya jiwe, nikatia kosa. Sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi nikijikumbuka.

Kwa Mama Koku nilikwenda wa mwisho, kwa sababu pale nilikuwa kama wa nyumbani. Alikuwa mjane wa Kihaya, Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, mwenye biashara ya ndizi zinazotoka kwao kwa meli. Ukifika kwake unapewa kwanza kahawa ya kutafuna, zile punje kavu, kwenye kikapu kidogo, ndipo mnasalimiana vizuri. Siku ile alipika ndizi na maharage, na tangu chungu kinapakuliwa alikuwa anamsema Lutonja. Bomba aliahidi uchaguzi uliopita. Ngazi za mawe ziliporomoka na mtoto wa watu akavunjika mguu. Mikutano haiitishi, akiitisha anachelewa, akifika anajisifu. "Lutonja ni mvivu, Milembe waitu," akasema, yaani Milembe wetu, kwa Kihaya. "Mvivu kabisa. Ningekuwa mama yake ningemchapa." Koku, rika langu, rafiki yangu, alikuwa anacheka mpaka anapaliwa. Mimi nilicheka pia, lakini kichwani nilikuwa nimeshaanza kuandika. Halafu Mama Koku akanituma chumba cha ndani nimletee chumvi, na huko nikaona mikungu ya ndizi imelazwa sakafuni inaivishwa, na kilichofunika ndizi zile ni kanga mpya ya chama cha Lutonja, ile iliyogawiwa wiki iliyopita, bado haijakatwa pindo. Kwetu kanga ya zawadi inavaliwa au inatunzwa. Kuitupia juu ya ndizi mbichi, sakafuni, nikaona ni dharau iliyo wazi. Nilimletea chumvi. Na nilipotoka, nyuma ya jiwe, nilitia kosa, tena nikalikoleza.

Uchaguzi ulipita kwa amani, foleni ndefu, watu wamevaa vizuri kama wanaenda kanisani. Matokeo yalibandikwa ukutani kituo kwa kituo, na kwa kuwa mlima ulikuwa na kituo chake, kila mwenye macho aliweza kusoma mlima umesema nini. Lutonja alishinda kwa kura za chini. Mlima ulimkataa. Daftari langu lilimwambia mlima ni wake, maana nilikuwa nimejaza vema kurasa kwa kurasa, na sasa wale wote waliomwita baba walikuwa wamemtazama usoni wakampiga chini. Hao hakuwajua ni nani. Aliowajua ni wale wa kosa tu. Nilipata kazi yangu. Nilipewa meza ndogo yenye mguu mmoja mfupi, nikauwekea kipande cha tofali, nikapewa muhuri, nikajiona nimefika.

Anayekaa mjini anajua barua ya mwenyekiti wa mtaa ni kitu gani. Ukitaka kufungua akaunti, barua. Kumdhamini ndugu yako polisi, barua. Kitambulisho, chuo, hata kuhamisha mtoto shule: wanakuuliza mwenyekiti wako anakutambua? Bila ile karatasi yenye sahihi yake na muhuri wewe ni upepo. Wiki ya pili ya kazi yangu akaja Baba Rehema, anataka barua ya leseni ya kibanda chake. Lutonja akafungua mtoto wa meza, akatoa daftari, akapitisha kidole, akalifunga. "Karatasi zimeisha, fundi. Njoo wiki ijayo." Karatasi zilikuwa mbele yangu, rundo zima. Nilidhani hajaziona. Nikasema, "Baba, zipo hizi." Alinitazama, nikazisogeza kando. Wakaja wengine. Siku moja karatasi hakuna, siku nyingine wino umekauka, na ikifika mara ya tatu anawaambia waziwazi, "Barua wanapewa wakazi ninaowafahamu. Ninyi nendeni kwa mwenyekiti wenu mliyemtaka." Nami nikikaa pale na muhuri wangu, natabasamu kama sanamu ya dukani.

Koku alikuja Jumanne. Alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi ng'ambo ya ziwa, Sengerema, kitu alichokililia miaka miwili, na barua ya utambulisho ilitakiwa iwe imefika Jumatatu inayofuata, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Alivaa gauni lake la kanisani. "Shikamoo mwenyekiti." Lutonja hakuitikia marahaba. Alipitisha kidole kwenye daftari, nami nilikiona kidole kinavyoshuka, nikajua kinakwenda kusimama wapi, kwa sababu mahali pale nilipakoleza mwenyewe. "Wino umekauka, binti." Koku akanigeukia mimi. Wino ulikuwa mezani kwangu, chupa imejaa. Akarudi Jumatano, akarudi Alhamisi akafuatana na mama yake, na Lutonja akamwambia mama yule, mjane wa umri wa dada yake mkubwa, mbele ya foleni: "Mama Koku, ulimi wako unaujua. Nenda kaombe barua huko ulikopiga kura."

Mama Koku alisema, "Nilipopiga kura, mwenyekiti, ulikuwepo?" Akamshika binti yake mkono wakatoka.

Ijumaa nilimfuata Lutonja. Nilikuwa nimeuliza kwa Balozi wa nyumba kumi, mzee aliyekuwa akitembeza vitabu vya uanachama zamani, akanishangaa. Mama Koku? Yule ana kadi ya chama tangu enzi hizo, na hajawahi kukosa kulipia. Nikamwambia Lutonja, "Baba, nilikosea. Mama Koku ni wetu." Alicheka, akaonekana amefurahi kweli. "Basi si ungesema. Aje na kadi yake nione kwa macho. Nasaini hapo hapo." Nilipanda mlima ule mbio, mawe hayakunihusu. Nilikuwa nimeokoka. Nilishamwona Koku kivukoni Kigongo na sanduku lake, maana daraja halikuwepo bado, ananipungia mkono.

Niliwakuta wamekaa chini, Koku macho mekundu. Nikatoa habari yangu nikihema. Koku akasimama pale pale aende kwenye sanduku la mama yake.

"Kaa chini," Mama Koku akasema.

"Mama, ni kadi tu. Unamwonyesha, anasaini, Jumatatu naondoka."

"Na Baba Rehema ataonyesha nini?"

"Baba Rehema haendi chuo."

"Barua si anaitaka? Ameifuata mara nne. Na yule mama wa maandazi, mume wake yuko ndani, hana barua ya kumdhamini. Wao wataonyesha nini, Koku? Barua ile ni ya mkazi. Mimi ni mkazi kwa kuwa ninakaa hapa, nimejenga juu ya jiwe hili kwa mikono yangu. Nikipeleka kadi leo, nimekubali kwamba asiye na kadi hakai hapa."

"Mimi ni mtoto wako."

"Najua."

Koku alilia kwa sauti ambayo sitaki kuieleza. Mama yake hakumbembeleza wala hakuinuka. Baada ya muda akanigeukia mimi. "Milembe, nani alimwambia mwenyekiti kwamba sisi ni wale wengine?" Ningeweza kusema sijui. Nilisema ni mimi. Nikasimulia yote, daftari, nguzo isiyo na kichwa, kahawa yake niliyotafuna huku nikimsikiliza anavyomsema Lutonja, na kanga niliyoikuta juu ya ndizi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ndizi hazifunikwi kwa tambara," akasema. "Zinataka nguo safi yenye joto. Nilichukua iliyo safi kuliko zote nilizonazo. Na Lutonja nisimseme? Mgeni ndiye anayesifu mboga. Mwenye nyumba anasema chumvi imepungua."

"Nilikuandika vibaya, mama. Nisamehe."

"Mimi hukuniandika vibaya. Uliniandika, basi. Ungenipa vema, Koku angekuwa na barua yake, wale wengine wangekosa, na wewe usingekuja kulia hapa." Akasogeza kikapu cha kahawa mbali na mimi, akakifunika. "Kawaombe msamaha wale uliowaandika kweli. Mimi niache."

Jumatatu ilipita. Nafasi ya Koku ilikwenda kwa mtu mwingine, na mwaka uliofuata hawakuchukua tena wenye matokeo kama yake. Leo ana banda la dagaa mwaloni, wanakoshusha samaki, anawaajiri watu, anaishi vizuri, na sijawahi kumsikia akimlaumu mama yake mbele za watu. Siku ya msiba tu, tulipokuwa tunaosha masufuria, alisema bila kuniangalia, "Mama alikuwa na haki. Na mimi ningekuwa muuguzi." Akaendelea kusugua. Na huko mbele mzee yule bado alikuwa anapokewa kwa heshima, anaketishwa kiti cha mgongo, ameshamchukua marehemu akamweka upande wake, kana kwamba kadi ile ambayo mama yule alikataa kuionyesha akiwa hai, yeye ameikuta mfukoni mwa maiti. Wako watu wanaoniambia, Milembe, yale yamepita, tena ulikuwa mtoto, ulikosea tu alama moja. Hao ndio wananichosha kuliko Lutonja. Alama za kosa karibu zote nilizipata. Mtaa mzima ulinilisha, wengine wakaniambia kweli, na kweli hiyo nikaipeleka kwa mtu mmoja aliyekuwa na wino.

Ijumaa ile, nilipotoka kwa Mama Koku, nilirudi ofisini, nikaweka muhuri juu ya meza, nikachukua daftari kwenye mtoto wa meza Lutonja akiwa nje anaongea na simu, nikaondoka. Jumamosi asubuhi nikaanza kupanda tena, nyumba kwa nyumba, zile za kosa. Wengine walinitukana, nikasimama nikatukanwa. Mama wa maandazi alinifukuza na mwiko. Bibi mmoja hakunielewa kabisa, akaniombea kwa Mungu nipate mume. Nikafika kwa Baba Rehema. Alikuwa na redio imefumuliwa mapajani, chuma cha kuchomelea kinatoa moshi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa. Rehema, mletee dada yako chochote."

Nikamwambia nisiletewe kitu, nikasema nilichokuja kusema. Alichomoa waya ukutani. Akawa anageuza kipande cha redio kama anakitafutia mahali pake.

"Nilikwambia wewe peke yako?"

"Sijui, baba. Mimi uliniambia, nikaandika."

"Nilikwambia wewe, na shemeji yangu, mdogo wake mama Rehema. Watu wawili tu." Akaweka kipande chini. "Nilipokosa barua, nikasema ni shemeji. Nimemtukana mbele ya watoto wake. Mke wangu nimemkataza asikanyage kwa ndugu yake. Mwezi wa pili huu."

Alinyanyuka, akavaa shati, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akatafuta viatu chini ya benchi. Mkewe alitokea mlangoni na ndoo kichwani, ametoka chini, maji yanamchuruzika shavuni, akamwuliza anakwenda wapi.

"Kwa ndugu yako," akasema. "Weka ndoo chini, twende wote."

Waliteremka kwenye mawe, yeye mbele, mkewe nyuma anamuuliza maswali ambayo sikusikia akiyajibu. Nilifungua daftari, nikatazama nguzo ya mwisho. Nilikuwa nimebakiza nyumba kumi na moja. Nikapanda.